Carey Price: Golikipa Aliyeuzwa Miaka Mitatu Baada ya Mechi Yake ya Mwisho

Mapema Septemba 2025, timu mbili za hoki ya barafu kule Amerika Kaskazini zilibadilishana wachezaji. Montreal Canadiens ya Canada ikatoa golikipa Carey Price pamoja na nafasi ya kuchagua chipukizi kwenye raundi ya tano ya 2026. San Jose Sharks ya California ikatoa beki mchanga anaitwa Gannon Laroque. Hadi hapo ni stori ya uhamisho kama zile tunasoma kila Agosti kwa soka. Lakini sikia hii: Price alicheza mechi yake ya mwisho Aprili 29, 2022. Miaka mitatu na zaidi hajasimama golini, goti lilikataa, na hakuna mtu anatarajia avae tena vifaa vya kazi. Si Montreal, si San Jose, si yeye mwenyewe.

Sasa San Jose wamenunua nini?

Wamenunua kandarasi. Yaani wamechukua makaratasi ya msee, mwili wake ukabaki kejani huko British Columbia na familia yake. Najua wengi wenu hamfuatilii hoki, na sitawalaumu. Hapa Nairobi barafu ya kuteleza tunaijua kwa ile rink ya Panari pale Mombasa Road, na hiyo mbogi ya Kenya Ice Lions ambayo imechapa kazi hadi Kenya ikakubaliwa kwa shirikisho la hoki ya barafu la dunia mwaka 2024. Lakini hii stori ya Price hauhitaji kujua sheria za mchezo. Unahitaji tu kuwa umewahi kufanyia mtu kazi.

Tuanze na kwenye jamaa ametoka, maana si mtoto wa masonko.

Price alizaliwa 1987 na akalelewa Anahim Lake, kijiji kidogo ndani kabisa ya British Columbia. Mathe wake, Lynda, ni wa jamii ya Ulkatcho, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Canada, na aliwahi kuchaguliwa kuwa chifu wao. Mzae wake, Jerry, alikuwa golikipa pia. Philadelphia Flyers walimchagua mwaka 1978 lakini hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NHL. Anahim Lake haikuwa na timu ya watoto. Timu ya karibu ilikuwa Williams Lake, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, kwenda tu. Pima Nairobi hadi Kisumu kwa barabara, alafu jiulize kama mzae wako angekupeleka mazoezi huko mara kadhaa kwa wiki, na kukurudisha. Mzee Jerry alipoona barabara itawamaliza, alinunua ndege ndogo ya kizamani ya viti vinne akawa anamrusha kijana. Hiyo si stori ya utajiri. Ni ile ya mzazi ameona kitu kwa mtoto na ameamua hakuna kurudi nyuma.

2005, Canadiens wakamchagua wa tano kwenye ligi nzima. Watu wakashangaa, kwa sababu timu ilikuwa tayari na golikipa mzuri. Na hapo ni muhimu muelewe Montreal ni mji wa aina gani. Hiyo timu ina vikombe 24 vya Stanley, zaidi ya timu yoyote, na cha mwisho kilikuja 1993. Tangu hapo hakuna timu ya Canada imebeba hicho kikombe. Fikiria presha ya Gor na Ingwe ikiwekwa kwa timu moja, kwa lugha mbili, na magazeti yanayoandika kuhusu mtu mmoja kila asubuhi. Huyo mtu mmoja ni golikipa.

Walimzomea akiwa kijana wa miaka 21. Kwenye mechi za mtoano za 2009 dhidi ya Boston, mashabiki wa nyumbani walimpigia makofi ya kejeli alipodaka kombora rahisi, na yeye akainua mikono juu kama mtu anasema haya, nimewasikia. Mwaka uliofuata akapoteza namba kwa Jaroslav Halák, ambaye alikuwa moto sana kwenye mechi za mtoano. Kila mtu mtaani Montreal alijua nani atabaki na nani ataenda. Timu ikamuuza Halák, ikabaki na Price. Walitukanwa sana kwa hiyo. Walikuwa sawa.

Kwa sababu msimu wa 2014-15 ulifanya hata wale hawapendi hoki wasimame. Ushindi 44. Kwa wastani alifungwa mabao 1.96 kwa mechi. Katika kila makombora 1,000 yaliyomfikia, alipangua 933. Kumbuka goli la hoki lina upana wa chini ya mita mbili na kimo cha mita moja na kidogo, na kile kisahani cheusi cha raba, paki, kinaweza kuja kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa huku wasee watatu wamesimama mbele yako makusudi ili usione. Mwisho wa msimu Price alibeba tuzo nne usiku mmoja: golikipa bora, mchezaji wa thamani zaidi kwa ligi, mchezaji bora kwa kura za wachezaji wenyewe, na ile ya golikipa wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi. Hakuna golikipa alikuwa amewahi kufanya hivyo. Aliposhika mic kule Las Vegas, aliongea na vijana wa jamii za wenyeji asilia, akawaambia waendelee kusukuma, akamaliza na maneno machache ya lugha ya kina mathe wake. Manze, hiyo ni kutoboa na kukumbuka kwenu.

Kabla ya hapo, Februari 2014, alikuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki na Canada kule Sochi. Alifungwa mabao matatu tu kwa mechi tano.

Sasa turudi kwa goti.

Magolikipa wa kisasa wa hoki wanacheza staili inaitwa kipepeo. Kombora likija, unaangusha magoti yote mawili kwenye barafu kwa wakati mmoja, yakikaribiana, na miguu ya chini inafunguka kulia na kushoto kama mabawa ili kufunga sehemu ya chini ya goli. Jaribu hapo kwa sakafu ya sitting room, polepole, uone vile nyonga na magoti zitakuambia. Sasa fanya hiyo kitu makumi ya mara kwa usiku, mechi zaidi ya 60 kwa msimu, na mazoezi kila asubuhi, kwa miaka 15. Aliyeifanya staili hiyo iwe ya kila mtu ni Patrick Roy, golikipa aliyeshinda kile kikombe cha 1993, hapohapo Montreal. Kila golikipa aliyefuata anacheza kwa magoti, na analipa kwa magoti.

Mei 2014, nusu fainali dhidi ya New York Rangers, mshambuliaji Chris Kreider aliteleza kwa kasi akamvaa Price miguu mbele. Goti la kulia. Price hakurudi kwenye hiyo mfululizo na Montreal wakatoka. Msimu wa 2015-16, mwaka mmoja baada ya zile tuzo nne, alicheza mechi 12 pekee, goti tena. Aliporudi, alirudi fiti kiasi kwamba Julai 2017 timu ikampa kandarasi ya miaka minane ya dola milioni 84, kuanzia msimu wa 2018-19 hadi 2025-26. Hiyo ni dola milioni 10.5 kwa mwaka, na kwa shilingi zetu ni kama bilioni 1.35. Kila mwaka. Hakuna golikipa alikuwa amewahi kuandikiwa cheki kama hiyo. Na alikuwa anakaribia miaka 30, na goti likiwa na historia.

Watu huuliza, walikuwa wamelewa? Hapana. Walijua miaka ya mwisho itauma. Timu kubwa zinanunua miaka minne ya moto na kukubali kulipia minne ya majivu. Ni hesabu.

Moto wenyewe ulikuja 2021. Canadiens waliingia mechi za mtoano wakidharauliwa na kila mtu. Toronto waliongoza mechi tatu kwa moja, Price na wenzake wakawageuza. Winnipeg wakafagiwa mechi nne kwa sifuri. Vegas wakaenda nyumbani kwa mechi sita. Ghafla Montreal iko fainali kwa mara ya kwanza tangu 1993, na kila mtu anajua ni kwa nini: jamaa mmoja golini ambaye sura yake haibadiliki hata nyumba ikiwaka. Fainali walichapwa na Tampa Bay mechi nne kwa moja. Na hiyo, ingawa hakuna mtu alijua wakati huo, ndiyo ilikuwa mara ya mwisho tumuone Price yule.

Cheki vile mambo yalifuatana. Julai hiyohiyo, wiki chache baada ya fainali, ligi ilikuwa inaingiza timu mpya, Seattle Kraken, na kila timu ilifaa kuacha baadhi ya wachezaji wazi ili Seattle wachukue bure. Price alikuwa na kifungu kwa kandarasi kinachosema hawezi kuguswa bila ruhusa yake. Yeye mwenyewe akakiondoa, ili timu iweze kumlinda golikipa wa pili, Jake Allen. Seattle wakaangalia ile milioni 10.5, wakaangalia goti, wakapita. Halafu akaenda kufanyiwa upasuaji wa goti.

Oktoba, msimu ukianza, tangazo likatoka: Price ameingia kwenye mpango wa msaada wa ligi na chama cha wachezaji. Mkewe Angela aliandika kwamba familia imeamua afya ya akili itangulie. Mwezi mmoja baadaye, Novemba, Price mwenyewe akaeleza kwa Instagram: alikuwa ameingia matibabu kwa sababu ya matumizi ya vileo, alikuwa amezama kwa giza kwa muda mrefu, na alihitaji kuomba msaada.

Wacha niseme kitu hapa. Huyu ni jamaa ambaye sifa yake yote kwa miaka 14 ilikuwa utulivu. Wachambuzi walimsifu kwamba hana presha, hana hisia, ni ukuta. Sisi pia tunapenda wanaume wa hivyo. Mtaani ukiwa kimya wanasema we ni mwanaume kamili. Kumbe ukuta ulikuwa unabeba nyumba nzima. Na kilichomwokoa si ukakamavu. Ni kwamba kulikuwa na mlango umeandaliwa mapema. Huo mpango uko tangu 1996, mchezaji anaweza kupiga simu kwa siri, na anapoingia kwa hiari mara ya kwanza anaendelea kulipwa. Yaani hakuchagua kati ya kupona na rent. Linganisha na jamaa wa hapa ambaye bosi akisikia tu ako rehab, anapigwa kalamu kabla arudi.

Alirudi golini Aprili 15, 2022, dhidi ya New York Islanders. Walichapwa 3-0 na watu wa Montreal walisimama kumshangilia kama amebeba kombe. Alicheza mechi tano. Ya mwisho, Aprili 29, waliichapa Florida 10-2. Huo ulikuwa ushindi wake wa 361, na hakuna golikipa wa Canadiens amewahi kufika hapo, hata Roy, hata Jacques Plante ambaye rekodi yake ya 314 ilikuwa imekaa miongo kadhaa. Kwa jumla mechi 712, zote kwa jezi moja. Kikombe cha Stanley hakuwahi kukishika.

Oktoba 2022 akawaambia waandishi wa habari ukweli: lengo lake sasa ni kuishi bila maumivu, na hata kupanda ngazi amebeba watoto wake ni shida. Alikuwa na miaka 35. Kandarasi ilikuwa bado na misimu minne.

Na hapa ndio utamu, ama uchungu, kulingana na mfuko wako.

NHL ina kikomo cha mishahara tangu 2005, baada ya msimu mzima wa 2004-05 kufutwa kwa sababu ya mgogoro wa wachezaji na wenye timu. Kwa msimu wa 2025-26 timu haifai kupita dola milioni 95.5, na haifai kushuka chini ya milioni 70.6. Mchezaji akiumia kwa muda mrefu anawekwa kwa orodha maalum ya majeruhi, na timu inaruhusiwa kupita kikomo kwa ajili ya kumtafutia mbadala. Anaendelea kulipwa. Hawezi kufutwa akiwa majeruhi, na timu haiwezi kumlipa sehemu na kumwachilia. Kitu kimoja tu kinaweza kuua hiyo kandarasi: yeye mwenyewe atangaze amestaafu. Akisaini hiyo barua, pesa iliyobaki inayeyuka.

Kwa hivyo Price hajastaafu. Kila mtu anajua amemaliza, lakini kwa vitabu yeye ni mchezaji.

Montreal walichoka na hiyo hesabu. Kubeba milioni 10.5 ya mtu hachezi inawezekana, lakini inafunga mikono unapotaka kusajili katikati ya msimu, na majira hayo walikuwa wamemleta beki Noah Dobson kwa ganji kubwa. San Jose nao walikuwa na tatizo la kinyume. Wamejaa vijana wa mishahara midogo, wanahitaji kufika kile kiwango cha chini. Jina la Price linaingia kwa vitabu vyao kama milioni 10.5. Lakini Montreal walikuwa tayari wamemlipa bonasi ya milioni 5.5 ya mwaka huo, kwa hivyo pesa taslimu iliyobaki kwa San Jose ni kama milioni mbili. Umeona? Unaonekana umetumia 10.5, umetoa mbili, na juu yake umepewa nafasi ya raundi ya tano kama asante. Hata wale wa ETR hawajafikiria hiyo.

Na si yeye wa kwanza. Shea Weber, aliyekuwa nahodha wa ile timu ya 2021, hakucheza tena baada ya fainali hiyo. Kandarasi yake ikauzwa Vegas, kutoka Vegas ikaenda Arizona, timu ya Arizona ikahamia Utah na karatasi ikahama nayo, halafu Machi 2025 ikauzwa Chicago. Katikati ya hayo, 2024, Weber akaingizwa kwa Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki. Mchezaji halali wa timu, kwa vitabu, akiwa tayari kwa makumbusho. Ukumbi unahesabu miaka tangu mechi yako ya mwisho, haujali karatasi. Price naye alifuzu kuzingatiwa mwaka 2025 na hakuchaguliwa, jambo ambalo mimi naona ni makosa, lakini atasubiri.

Kuna mashabiki wanalalamika kwamba analipwa kwa kukaa bure, na kuna wale walimkasirikia kwa sababu nyingine kabisa. Desemba 2022 aliposti picha akiwa na bunduki ya kuwinda, akiunga mkono kikundi kinachopinga sheria mpya ya silaha, siku chache kabla ya kumbukumbu ya wanawake 14 waliouawa kwa risasi Montreal mwaka 1989. Alichoma picha vibaya. Baadaye aliwaomba radhi walioumia, bila kubadilisha msimamo wake. Hiyo hasira naielewa. Ile ya pesa siielewi. Hiyo milioni 84 haikuwa zawadi. Aliilipia mapema kwa goti, na walioandika mkataba walijua historia ya hilo goti kabla ya kusaini. Ukisema astaafu kwa heshima, unasema awaachie matajiri wa timu doo yao ili wewe ujisikie vizuri. Hapa kwetu tuna wachezaji wa ligi wanamaliza miezi bila mshahara, wakivunjika mguu wanachangiwa kwa WhatsApp. Hakuna mtu huwauliza wenye timu kuhusu heshima.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Mfumo unaomlinda ndio pia unamgeuza bidhaa. Alikubali kubeba presha ya mji mzima, akaanguka, akasimama mbele ya watu akasema nahitaji msaada, na mwisho wa siku jina lake likawa uzito wa kuweka kwa mizani ili timu moja ishuke na nyingine ipande. Hakuna aliyevunja sheria. Amelipwa kila senti. Lakini mechi ya mwisho ya kazi yake imechezwa na wahasibu.

Kandarasi inaisha na msimu wa 2025-26. Baada ya hapo, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe 2005, hakuna timu ya NHL itakuwa na karatasi yenye jina lake, na anaweza kutangaza kustaafu bila kupoteza hata shilingi. Kwa msimu huo wa 2025-26 ndiye mshahara mkubwa zaidi kwenye vitabu vya San Jose Sharks, timu ambayo hajawahi kuichezea hata dakika moja.